Kombe Lisiloibika

Chama cha raga kilikuwa kimekwisha kuibiwa makombe mawili kabla hakijapata wazo la kuanzisha mashindano ya kimataifa. La kwanza lilichukuliwa kabatini, pamoja na kabati lenyewe. La pili lilionekana miezi saba baadaye katika baa moja, limejaa barafu na chupa, na mwenye baa akaapa kwamba alilinunua kwa nia njema. Kwa hiyo katibu wa chama alipofika kwa fundi wa mageti, wiki tatu kabla ya uzinduzi, baada ya kombe lililoagizwa nje kukwama forodhani, hakuwa na maneno mengi. Alichora kwenye kipande cha boksi kitu chenye mdomo mpana na masikio mawili, akasema, "Fundi, sura utajua mwenyewe. Mimi ninachotaka ni kitu kisichoibika."

Neno kama hilo humwambii fundi wa mageti halafu ukaenda zako. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza mageti, grili za madirisha na milango ya maduka, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na adui mmoja tu, mwizi, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho lakini alimjua vizuri kuliko alivyowajua shemeji zake. Kila alichochomelea, alikichomelea akimfikiria yeye. Jirani aliyemwagiza kitanda cha mtoto alikipata kitanda kizuri sana, chenye komeo.

Basi akaingia kazini kwa moyo mmoja. Tumbo la kombe alilipata kwenye mtungi mkuukuu wa gesi, akaukata katikati. Shina lilikuwa bomba nene, akalijaza nondo na zege ili mtu asije akalikata kwa msumeno. Kitako kilikuwa bamba la chuma la unene wa kidole gumba, lenye matundu manne ya bolti, endapo wangependa kulifungia sakafuni. Masikio yalikuwa mishikio ya geti. Alipomaliza akalipaka rangi ya fedha mara tatu, akarudi nyuma hatua mbili, akaliona zuri. Kulipima uzito hakukumjia akilini. Katika karakana ile vitu vilipimwa urefu na upana, na vikishakauka rangi watu wanne walivipakia kwenye mkokoteni. Kombe nalo likatoka vivyo hivyo, watu wanne na mkokoteni, na hakuna aliyeona ajabu.

Huo ulikuwa upande mmoja wa mambo. Upande wa pili ni kwamba hili Kombe la Majirani lilikuwa la wanawake, mataifa matano, na nahodha wa timu ya nyumbani alikuwa binti yake wa kuzaa, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye kwa miaka minne.

Ugomvi wenyewe ulianza siku walipokuja wageni wa posa. Watu wa heshima, wamekaa sebuleni na soda zao, wanasifiwa binti ambaye hajatokea. Binti akatokea. Alikuwa ametoka moja kwa moja uwanjani, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, magoti yote mawili yana matope, na alikuwa na furaha kwa sababu walikuwa wameshinda. Aliwapa wageni mkono mmoja mmoja, na mzee wa upande wa pili akaukagua mkono wake baada ya kurudishiwa. Wageni wakamaliza soda haraka, wakaaga vizuri, hawakuonekana tena. Jioni ile fundi akamwambia binti achague, raga au nyumba hii. Alikuwa na hakika atachagua nyumba. Binti akachukua begi, akahamia kwa shangazi yake, na fundi akakaa mlangoni akimngojea arudi hadi chakula kikapoa.

Tangu hapo aliwaambia wateja kwamba binti yuko nje ya nchi, masomoni. Nyumbani jina lake halikutajwa, ila mke wake alikuwa na mtindo wa kuzungumza na sufuria. "Leo wamefunga timu ya majeshi," angeiambia sufuria. Au, "Bega limeteguka, lakini amesharudi mazoezini." Fundi alijitia hamnazo, akala, na alipobaki peke yake alihesabu siku za kupona bega. Alikuwa amemkumbuka mwanawe kupita kiasi, na alikuwa hajui mtu huanzia wapi kurudi nyuma kutoka kwenye neno kubwa alilolisema mbele ya mkewe. Kombe lile alilitengeneza kama salamu. Alitumaini kwamba siku ya uzinduzi mtu angelitaja jina la fundi, binti angelisikia, na yaliyobaki yangejipanga yenyewe.

Siku ikafika. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na mabango, maua na spika mbili zilizokuwa zikikoroma. Manahodha watano walikaa mbele na jezi zao mpya. Fundi alikaa mstari wa nyuma kabisa, ndani ya suti aliyovaa siku ya harusi yake, karibu na mwandishi mmoja wa habari aliyekuwa akila korosho. Mshereheshaji aliwaita manahodha mmoja mmoja, na alipofika kwa wa nyumbani akasema, "Na huyu ni nahodha wetu, nguzo ya skramu yetu, kule mbele wanakosukumana vichwa chini, mashabiki wanamwita Geti, maana hapitwi." Ukumbi ukapiga makofi. Fundi hakuwa amelijua jina hilo. Sufuria haikuwahi kuambiwa, au iliambiwa yeye akiwa hayupo. Alitazama chini, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa mwili. Alihutubia dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kutozungumza sana, kisha akaalikwa kulifunua kombe na kulinyanyua juu, na pale litakapokuwa juu ndipo mashindano yangehesabiwa kuwa yamezinduliwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba. Kitambaa kikaondoka juu ya meza fupi ya jukwaani. Kombe likang'aa, na hata fundi akasahau kamba za viatu. Mgeni rasmi akashika masikio mawili, akageuza uso kwa wapiga picha, akatabasamu, akavuta.

Kombe halikusogea.

Tabasamu lilibaki palepale, lakini nyuma yake mambo yalikuwa yamebadilika. Akavuta tena, safari hii kwa mabega. Kifungo cha koti kikaruka, kikatua mezani kwa wageni waalikwa. Mlinzi wake akaja kusaidia, akafaulu kulisukuma kidogo, na mguu mmoja wa meza ukatoa mlio uliowafanya waliokaa karibu wasogeze viti. Nahodha wa timu moja ya wageni, dada mrefu aliyekuwa akijiamini, akajaribu kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha akarudi kukaa akijikanda kiuno. Wapiga picha walikuwa wanafanya kazi ambayo hawajawahi kuifanya kwa bidii kiasi kile.

"Nani ametengeneza hili dude?" mwandishi wa habari akamuuliza fundi, akicheka mpaka korosho zinamwagika.

"Simjui," fundi akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na lilipokwisha kutoka likamchoma. Aliwahi kumkana binti yake kwa wateja kwa uso mkavu namna hiyohiyo, na sasa analikana kombe. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ukumbi ulikuwa na marumaru.

Katibu ndiye aliyemtoa mafichoni. Alikuwa anavuja jasho, amechanganyikiwa, na alihitaji mtu wa kumtupia lawama kabla mgeni rasmi hajamtafuta yeye. Akamwona, akamnyooshea kidole toka jukwaani. "Fundi ni huyo pale. Fundi, kalete grinda, ukate hicho kitako sasa hivi."

Watu mia mbili wakageuka. Binti naye akageuka. Macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya begi, na fundi hakujua afanye nini na uso wake, basi akausimamisha kama ulivyo. Aliinuka. Alikuwa tayari kwenda kulifuata hilo grinda, kulikata kombe lake mbele ya mataifa matano, na kurudi nyumbani kuiambia sufuria kwamba amekwisha.

Lakini binti alikuwa amekwisha kuiendea meza. Hakulishika kombe mara moja. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa shina, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akapanua miguu, akachuchumaa mpaka chini kabisa, mgongo wima, kidevu juu, mikono imenyooka, na hapo fundi akautambua. Yule mtoto hakujifunza mkao ule uwanjani. Alijifunza karakanani, akiwa darasa la tano, likizo nzima, upande wa pili wa kila geti lililoinuliwa, baba mtu akimkaripia kwamba anayebeba kwa mgongo atazeeka kabla ya kuolewa. Miaka minne fundi alikuwa amemnunia mtu kwa kuwa na nguvu ambazo alimtia mwenyewe.

Binti akavuta pumzi, akainuka. Kombe likatoka mezani, likafika kifuani, likapumzika hapo kidogo. Kisha likapanda juu ya kichwa chake, likakaa. Ukumbi ulilipuka. Mgeni rasmi, ambaye hakufika alipofika kwa ujinga, akakimbilia kuligusa kwa kidole kimoja, akatangaza kwamba mashindano yamezinduliwa rasmi. Baadaye mtu mmoja alileta mizani ya kupimia magunia toka jikoni. Kilo arobaini na saba. Katibu akasikika akiwaeleza waandishi kwamba uzito huo ulikuwa wazo lake tangu mwanzo.

Watu walipokwenda kula, fundi alibaki karibu na mlango, hajui atoke au asubiri. Binti akamfuata, anajifuta rangi ya fedha viganjani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Umeweka hadi matundu ya bolti."

"Mnaibiwa sana," fundi akasema.

Binti akang'ata mdomo asicheke. Akamuuliza kama ni kweli alichosikia kwa shangazi, kwamba yuko nje ya nchi anasoma. Fundi akakiri. Binti akataka kujua anasomea nini, isije akaulizwa mtaani akatoa jibu tofauti.

"Uhasibu," baba yake akasema.

"Uhasibu, Baba? Mimi?"

Fundi alikuwa ameandaa hotuba kwa miaka minne, ina sehemu tatu na mifano, na yote ilikuwa imepotea. "Niliona haya kwa ajili yako," akasema. "Leo naona haya kwa ajili yangu. Nisamehe, mama."

Binti alimtengeneza kola ya suti, ambayo ilikuwa imejikunja tangu asubuhi na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Jumamosi saa tisa tunacheza ya kwanza," akasema. "Nitakuwekea kiti, wewe na mama. Lakini usikie vizuri. Nitaangushwa. Nitakanyagwa. Damu inaweza kutoka. Wewe utakaa kwenye kiti chako."

"Na nikishindwa kukaa?"

"Ukiingia uwanjani, nitakubeba mimi mwenyewe nikutoe nje, watu wote wakiona."

Fundi, ambaye hajawahi kufikisha kilo sitini hata mwaka alioshiba zaidi, aliitazama ile mikono.

"Nitakaa," akasema.