Jiwe Lililoimba Besi

Haya aliniambia Celerina mwenyewe, mke wa Tata Eutiquio mtengeneza magitaa. Kwetu wazee wa kiume tunawaita Tata, wa kike Nana. Ilikuwa mwaka juzi, wiki ile ya kupamba makaburi, tumekaa mlangoni kwake tunafunga maua ya njano. Aliyasema polepole, na mara mbili aligeuka kutazama karakana.

Tata Eutiquio ana jicho moja. La kushoto lilitoka akiwa kijana, pale alipopiga patasi ambayo kichwa chake kilikuwa kimefumuka kama uyoga na hakuna aliyekisawazisha. Kipande cha chuma kiliruka. Tangu siku hiyo anachagua vyombo vya kazi kama mtu anayemchagulia binti yake mume. Anavipima uzito mkononi. Kilichounganishwa kwa gundi anakikataa, anataka kilichofungwa kwa skrubu, maana siku kikiharibika atakifungua. Randa anaiinua mpaka jichoni atazame kama tumbo lake limenyooka. Na jioni hali chakula mpaka kila chombo kiwe kimefutwa kwa kitambaa cha mafuta.

Kitambaa hicho alikishika mwenyewe miaka thelathini. Mwaka wa kisa hiki mgongo ulimkataa, ndipo akampa Celerina. Wewe unaweza kuona ni kitambaa tu. Celerina hakuona hivyo.

Jambo moja tu mzee hakulitii. Mashine ya kunolea ina kioo cha kukinga uso, naye alikitoa. Celerina alipomuuliza, alimjibu, "Kimekwaruzika chote. Nina jicho moja, nalo unataka nilitie pazia?"

Basi jiwe la mashine likaisha. Eutiquio alipanda basi mpaka mji wa Uruapan kutafuta jipya, akasoma kasi iliyoandikwa ubavuni ili lisizidiwe na mashine, akarudi nalo mapajani limefungwa sweta. Akaliweka kwenye rafu, alifunge Jumatatu.

Jumapili yeye akiwa kanisani, Celerina alifuta rafu. Jiwe likamponyoka, likaanguka kwenye saruji.

Aliliokota. Halikumeguka popote. Akafanya ambalo kila mtu wa Paracho, mji wetu wa magitaa, angelifanya: akaligonga asikilize. Sisi huku tunagonga mbao kabla ya kununua. Ubao unaosema *ti* tunauacha, unaosema *duuu* tunaubeba. Aliliweka jiwe kiganjani, akaligonga karibu na tundu la katikati. Likamjibu kwa sauti nzito, pana, kama uzi wa besi.

"Nikashusha pumzi," aliniambia. "Nikasema, halina neno, hata limependeza zaidi." Akalirudisha rafuni, asimwambie mzee, asije akanyang'anywa kile kitambaa.

Jumatatu asubuhi alikwenda na ndoo yake kusaga mahindi. Msagaji ni Tata Maclovio, ambaye mawe ya mashine yake huyachonga kwa mkono wake.

"Nana Celerina, mbona mapema hivi? Mzee amekufukuza?"

"Ananoa patasi leo. Ana jiwe jipya, mimi hata hanioni."

"Pole, mama, umepata mke mwenza!" akasema mwanamke mmoja kwenye foleni.

"Tena mke mwenza mwenye sauti," akasema Celerina. "Ukiligonga linaimba besi."

"Kesho mzee atalitia nyuzi!"

Wakacheka. Maclovio hakucheka. Alizima mashine. Ile mashine haizimwi kukiwa na foleni, kwa hiyo wote wakamgeukia.

"Besi vipi?"

"Nzito. Kama mwerezi mzuri."

"Lilitoka nayo dukani sauti hiyo?"

Celerina akatazama ndoo yake.

"Nana, lilianguka?"

"Lilianguka kidogo."

"Jiwe si ubao, mama. Jiwe zima hulia kama kengele. Likilia zito limepasuka ndani, na likizungushwa kwa kasi linaruka vipande. Kimbia! Na usimpigie kelele, akishtuka atalikandamiza. Kata umeme."

Aliacha ndoo hapo hapo. Ni mitaa mitano, na mtaa mzima kwetu ni karakana. Kila ua una mashine inayolia, na masikioni mwake kila iliyolia ilikuwa ya Eutiquio. Ikinyamaza moja, anasema basi, yameshatokea. Ikianza nyingine, anasema huyo, bado yuko mzima, na hapo hapo anasema huyo, ameshaanza. Penye kona ya pili ulisikika mlipuko. Alisimama, ameshika ukuta. Halafu akaona moshi mdogo juu ya kanisa: ni fataki za sikukuu ya mtaa. Akakimbia tena, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Alipofika uani aliona cheche kupitia dirisha. Mzee ameinama, uso wake upo kama kiganja kimoja kutoka kwenye jiwe, lile jicho limefunguka kabisa. Swichi ipo chini ya jiwe, mbele ya kifua chake, haifikiki. Lakini karakana haina soketi, waya unapita dirishani mpaka jikoni. Celerina akaingia jikoni kwa ncha za vidole, akachomoa plagi.

Jiwe zito halisimami kwa kuambiwa. Liliendelea kuzunguka, linavuma.

"Umeme tena!" alinung'unika Eutiquio, akainama karibu zaidi atazame lina nini.

Celerina alirudi uani. Akasema taratibu dirishani, "Mzee, njoo unywe uji."

"Uji saa hizi? Ngoja nimalizie huu ukingo, bado linazunguka." Akaisogeza patasi.

"Eutiquio. Nililiangusha."

Mkono ulisimama hewani. Alirudisha patasi kifuani, akapiga hatua moja kando, akapiga ya pili, mgongo wake ukagusa ukuta. Wakabaki hivyo, yeye ndani, mkewe nje, wanasikiliza jiwe likipungua. Celerina aliniambia hajawahi kungoja hivyo, hata wakati wa kujifungua. Mvumo ukawa mnong'ono, mnong'ono ukawa mkwaruzo, likasimama.

Eutiquio akalifungua, akalitundika kwenye kidole kwa tundu lake, akaligonga pembeni kwa mpini wa mti. *Duuu.*

"Sauti tamu," akasema. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Alilipaka mafuta ya taa, akapangusa. Mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele, toka ukingo mpaka ukingo, ukipita kwenye tundu. Akalikunja kwa vidole gumba viwili. Halikumbishia hata kidogo, likawa vipande viwili.

"Tangu lini?"

"Jana, ukiwa kanisani."

"Na usiku ulilala?"

"Nililala. Si lilikuwa linaimba vizuri?"

Hakufoka. Celerina alitamani afoke. Alikaa kwenye benchi, akafunika jicho lake zima kwa kiganja, na mkono mwingine ukawa unapapasa mezani, unatafuta patasi na hauioni. Celerina akaja akaushika.

"Ndivyo ingekuwa," akasema mzee. "Ningeomba nyanya ukanipa chungwa, nami nisione."

"Usiseme hivyo."

"Kikianguka kitu, sema. Hata nikiwa nimepiga magoti madhabahuni, njoo useme." Akatoa kiganja. "Na mimi nilikitoa kile kioo. Kesho nakata kipya."

Mlangoni akatokea Maclovio, mweupe kwa unga, ameshika ndoo ya Celerina kwa mikono miwili. Hakuthubutu kuingia. Alitazama sakafu badala ya watu.

"Jicho?" akauliza.

"Lipo, nalo linaona hujapiga pasi shati!" akajibu Eutiquio.

Maclovio akaweka ndoo chini, akakaa juu ya gogo, akatokwa na machozi bila sauti. Wakamnywesha uji, kisha akarudi kwenye foleni yake.

Jua lilipofika utosini Eutiquio akajilaza kitandani na viatu vyake, usingizi ukamchukua mara moja. Celerina alijilaza kando yake, macho makavu, usingizi hauji. Kila alipoyafumba aliuona ule mkono unaopapasa meza. Mwishowe akaweka kidole juu ya kope la mzee, kwa wepesi, asimwamshe. Chini ya kope jicho lilikuwa linatembea huku na huku, linatazama ndoto. Alilifuata kwa kidole mpaka likatulia. Kidole kikateleza, kikaangukia mto wa kulalia, na yeye akalala.