Foleni ya Chumba cha Kuonjea

Kuna watu Mungu aliwaumba bila spika, na Scolastica ni mmoja wao. Katika kiwanda kimoja kidogo cha kufungasha asali pale Mpanda mjini, yeye ndiye mwonjaji. Wafugaji nyuki wakileta madumu yao, anachovya kijiko, anafumba macho, halafu anasema hii safi, hii imetiwa sukari. Miaka mitatu hajakosea hata mara moja. Lakini mwambie asimame mbele ya wenzake kumi na wawili ataje jina lake tu, utamkuta amejificha nyuma ya madumu.

Sasa kiwandani pale kulikuwa na desturi, na desturi yenyewe ilikuwa balaa. Siku yako ya kuzaliwa ikifika, unamwagiwa ndoo ya maji uwanjani. Ukiwa umelowa hivyo hivyo unakata keki, unawalisha wenzako, unashikishwa maiki useme chochote, kisha unacheza peke yako katikati ya duara huku simu zote zikikurekodi. Felista wa kufungasha alipofanyiwa, alicheka mpaka akakaa chini. Scolastica alimtazama akiwa dirishani, akihesabu miezi iliyobaki kufika siku yake. Miaka miwili mfululizo siku yake ilipofika aliomba ruhusa, na mara zote mbili alisema amefiwa na shangazi wa Litapunga. Jamani, shangazi mmoja kazikwa mara mbili!

Mwaka huu hapakuwa na pa kutorokea. Meneja wao Innocent, aliyeletwa kutoka Dar na anayependa shughuli kuliko hata wapiga muziki, alimwita ofisini Jumatatu.

"Dada Scola, mkataba wako unaisha mwezi huu," alisema. "Kazi yako sina neno nayo. Ila kwenye fomu kuna kipengele cha ushirikiano, alama ishirini. Hapo niandike nini? Sherehe huji, bonanza huji, Mei Mosi ulitembea nyuma ya bango ukajifunika nalo. Ijumaa ni siku yako. Usipotokea, mimi sitaweza kukutetea."

"Sawa, bosi," alijibu, akarudi kwenye vijiko vyake.

Aliipenda kazi ile, mwanamke yule. Ni wapi tena duniani utalipwa kwa kunyamaza na kuonja? Aliogopa kuipoteza, aliiogopa na ile ndoo, na akajichukia kwa kuogopa.

Jumatano alikuwa anaosha vijiko, akaja Ubaldo, dereva, ambaye ndiye mshereheshaji wa shughuli zote pale. Mdomo wa Ubaldo haujui likizo.

"Haya, mrembo wa asali! Ijumaa unaingia na wimbo gani?"

"Ubaldo, siwezi," Scolastica alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Nakuomba. Siwezi kabisa."

Ubaldo aliweka funguo za gari mezani. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumsikia dada huyu akiomba kitu. Akasema, "Wewe njoo tu Ijumaa. Kaa mle ndani, fanya kazi yako." Scolastica hakumwamini. Nani anaamini ahadi ya mshereheshaji?

Ijumaa alikuja na nguo za kubadilisha kwenye mfuko. Saa kumi jioni ikafika, muziki hakuusikia. Badala yake mlango ukagongwa taratibu.

Chumba cha kuonjea kina sheria yake, na wote wanaijua: unaingia mmoja mmoja, hakuna manukato, hakuna kelele, maana mwonjaji akivurugwa hata ulimi wake unavurugika. Felista aliingia na kipande cha keki kwenye kisahani, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda.

"Nilipofiwa na mwanangu," alinong'ona, "watu wote walikuja wakaniambia nijikaze. Wewe uliosha vyombo siku tatu, hukuniambia chochote. Sijawahi kukushukuru. Leo nakushukuru."

Akamshika mkono, akatoka. Akaingia Mzee Ezekia, mlinzi. "Unadhani sijui nani anayeniachia chupa ya chai kibandani kila asubuhi? Najua, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akaingia mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa na lake, dogo, ambalo Scolastica alishalisahau au hakudhani kuna aliyeliona. Ubaldo naye akaingia, sauti kaiacha nje.

"Foleni nimeipanga mimi. Nimewaambia atakayepayuka anarudi mwisho," alisema. "Nami nilikuwa nawaambia watu una maringo. Nisamehe, dada."

Scolastica alilia, na safari hii hakuona haya. Moyo ulimjaa shukrani mpaka akaisahau keki.

Wa mwisho alikuwa Innocent. Aliketi, akajaribu kutulia kama wengine, mguu ukimchezacheza.

"Fomu yako niliijaza jana," alisema mwishowe. "Alama tatu, tena kwa wino. Leo nimesimama nje nusu saa, naangalia wanavyotoka humu wakijifuta macho. Nimeichana. Nimeandika nyingine, kumi na tisa. Mkataba nimeshasaini."

"Hiyo moja?"

"Hukucheza."

Wote wawili walicheka. Lakini Innocent hakuinuka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Unajua kwa nini napenda zile sherehe? Hapa Mpanda sina mtu. Nikifunga ofisi, narudi chumbani kwangu, nawasha televisheni nisikie tu mtu anaongea. Kimya kinanitisha, Dada Scola."

Scolastica alimtazama. Siku zote alimwona kama ngoma, kumbe ni mtu. Kwa wema wote aliopewa siku ile, angekaaje nao peke yake? Akavuta pumzi, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Jumapili baada ya ibada njoo kwangu Nsemulwa, bosi. Tupo mimi na mama. Kuna wali wa mchele wa Majimoto na kuku."

"Tutaongea nini?"

"Si lazima tuongee."

Innocent alishtuka kidogo. "Hapo sitaweza, kweli tena."

"Utazoea, bosi," alisema Scolastica. "Mbona mimi nimewazoea nyie."