Sauti ya Marthe Kwenye Kisanduku

Mgeni alishuka kwenye treni ya Kabalo, iliyochelewa siku nne, Jumamosi ya kwanza ya Julai 1993, akaingia uani kwa Mama Marthe aliyekuwa anaanika ndakala, dagaa wa ziwani, juu ya mkeka. Alibeba betri ya gari begani na kisanduku cha chuma kwapani. Hakuna aliyemwita.

"Mimi Gaspard," alisema. "Natengeneza kengele za wezi."

"Wezi wetu wanakuja mchana, Papa, na bunduki," alisema Marthe. "Kengele itawafanya nini?"

"Wao, hakuna. Ninyi mutakimbia."

Marthe aliacha ndakala. Mume wake, Papa Onésime, aliyefanya kazi ya reli, alikuwa kipofu na miguu yake imevimba. Nyuma ya ua wa matete aliishi Mama Louise. Mwezi uliopita askari wa kambini walichukua kwake godoro, redio na binti yake Émérence. Émérence alirudi siku ya tatu. Tangu hapo hakutoka chumbani.

Gaspard alifukia waya mchangani mpaka kona ya barabara. Ndala zingepita salama. Buti likikanyaga, kengele ingelia. Kisha alieleza kwamba king'ora cha kisanduku kilimfia katika mji wa Manono, kwa hiyo ilihitajika sauti ya mtu.

"Inauma?" aliuliza Marthe.

"Kama mwiba wa samaki."

Marthe alikwenda kwanza kwenye dirisha la Émérence. "Mwanangu, sitaizima," alimwambia. "Hata dakika moja." Akarudi, akafungua kinywa. Gaspard akaitoa sauti, akaiweka ndani, akakaza skrubu.

"Ukiitaka, fungua, umeze. Lakini ikirudi kooni, haitolewi tena, na kisanduku kitabaki bubu."

Akamwonyesha kazi: kuongeza maji yaliyochemshwa kwenye betri kila Jumatatu, kusugua kutu ya waya kwa limau, kuijaribu kengele kila Jumamosi kwa buti la zamani la Onésime. Akala ndakala sahani moja, akaenda bandarini.

Kila Jumamosi sauti ya Marthe ilipiga kelele, "Wanakuja!" ikasikika mpaka kanisani. Majirani walitazama saa, wakaendelea kutwanga. Onésime alicheka kitandani.

"Miaka makumi tatu namuomba huyu mama anyamaze. Muntu wa treni njo ameweza!"

Kisha aliacha kucheka. Hakujua tena kama mkewe yuko chumbani au hayuko. Alipoguswa, alishtuka.

Askari walikuja mara mbili. Kengele ililia, majirani wote wakajificha kwenye shamba la mihogo, Onésime akisukumwa kwa toroli. Askari walikuta nyumba hazina watu, wakaingia mtaa wa nyuma, ambako hakukuwa na kengele. Jioni Marthe alisikia vilio vya huko, akapangusa kisanduku.

Mwezi wa tisa uvimbe ulipanda mpaka kifuani mwa Onésime. Muuguzi alisema hatafika Jumapili. Ijumaa mchana alinyoosha mkono.

"Marthe, uko hapa? Niite jina. Mara moja tu. Sitaki kwenda katikati ya watu nisiowajua."

Marthe alimbana vidole.

"Hapana. Mkono kila muntu anao. Niite."

Marthe alichukua turnavisi, akaiingiza kwenye skrubu ya kisanduku. Skrubu ilizunguka mara tatu, ikatoka. Ndani sauti yake ilikuwa macho, ndogo, yenye joto, imeshika vumbi kidogo. Alipeleka kidole karibu.

Kupitia dirishani alimwona Émérence ametoka uani kwao, anaanua nguo. Hakuwa na haraka. Alikunja kitenge, akakiweka begani, akasimama katikati ya uwanja, uso juani, barabara ameipa mgongo.

Marthe alipuliza vumbi. Akafunga kisanduku, akakaza skrubu mpaka ikagoma. Akarudi kitandani, akamshika mume wake mkono, hakuuachia.

"Nani?" aliuliza Onésime.