Mfumo Uliofutwa

Alipopunguzwa kazini, katika ofisi aliyoichapia barua tangu usichana wake, Dada alirudi kwa mama yake na vidole vyepesi visivyo na pa kugusa. Mdogo wake wa kiume alikuja kumpa pole. Huyu walimbandika jina la Mheshimiwa tangu utotoni, kwa kuwa sahani yake ndiyo iliyotangulia kupakuliwa. Alimletea kompyuta ya mezani iliyokufa.

"Chukua, Dada. Fundi kasema haifai tena. Ikikushinda, weka chungu cha maua juu yake."

"Mwanangu huyu ana moyo!" Mama akasema. Dada naye akashukuru, tena kwa dhati.

Kompyuta ilipowashwa ilitoa mistari miwili ya maandishi meupe, kisha kimya. Dada akaenda kwa Mama Printa, mwenye duka la intaneti na fotokopi pale mtaani, akamweleza.

"Hiyo haijafa, mfumo wake wa kuiendesha ndio uliooza," Mama Printa akasema. "Kuna mfumo wa bure unaitwa Linux. Unaushusha mtandaoni, unauchoma kwenye CD, kompyuta inaanzia humo. Kwa flashi haitaanza, mashine yako bibi kizee."

"Ninauchoma?"

"Si kwa kiberiti, shoga yangu! Kaa pale pembeni ujaribu. Mimi nina wateja."

Dada akashusha faili moja kubwa, akalivuta kwa kipanya hadi kwenye CD, akaenda nyumbani akijiona fundi. Mistari miwili, kimya. Kesho yake Mama Printa alicheka hadi akashika meza.

"Umetia mfuko wa unga kwenye oveni bila kuufungua, halafu unangoja mkate! Faili halinakiliwi hivihivi, programu ya kuchomea ndiyo inayolifumua. Tafuta palipoandikwa 'choma taswira ya diski'."

Akapatafuta, akapapata. Lakini alichagua kasi ya juu kabisa, na CD ya pili ikaharibika katikati. Kwa ya tatu alipunguza kasi hadi mwisho, akakaa mikono mapajani kama mtu anayesubiri habari nje ya wodi. Ilipomalizika aliikagua kwa programu ileile, kisha akaibeba kifuani.

Nyumbani ikakataa tena. Alirudi dukani karibu kulia, akaambiwa hakuiamuru mashine itazame CD kwanza. Akaenda akabonyeza kitufe baada ya kitufe mpaka ukatokea ukurasa wa buluu wa mipangilio, akaipandisha CD juu ya orodha, akahifadhi. Kisahani kikaanza kunguruma. Skrini ikajaa rangi.

"Mama! Njoo uone!"

"Nina vitunguu mkononi," Mama akajibu kutoka jikoni.

Basi akafurahi peke yake. Akausimika mfumo, akajifunza menyu zake moja moja, na haukupita muda mwalimu wa mtaa wa pili akamletea tasnifu yake aliyoiandika kwa mkono, aichape. Dada alichapa akiimba. Vidole vilikuwa vimerudi kazini.

Jumapili moja Mheshimiwa akaja, akaisikia kibodi kabla hajavua viatu.

"Kumbe nzima! Vizuri sana. Binti yangu anaanza chuo, itamfaa."

Dada akadhani ni utani. "Si ulinipa?"

"Nilikupa uiweke, Dada. Ingekuwa mbovu ningeidai?"

"Ilikuwa mbovu! Nimeitengeneza mimi!"

"Sasa tugombane kwa ajili ya chuma?"

Dada akamgeukia mama yake. Mama alikuwa akikunja nguo, hakuinua macho. "Mkubwa ni jalala, mwanangu. Mwachie mdogo wako."

"Basi angalau nihamishe kazi ya mwalimu."

"Iko humohumo, haina miguu," Mheshimiwa akasema, tayari amekwishachomoa waya. "Njoo siku yoyote uichukue."

Dada alikwenda kwao kesho yake asubuhi na flashi mkononi. Wifi yake akamkaribisha vizuri, akamwekea kiti, akamwashia kompyuta. Picha iliyotokea Dada hakuijua.

"Fundi alipita jana jioni, wifi. Akafuta vyote, akatuwekea mfumo wa kawaida. Ule wako mtoto hauelewi."

"Hamkuniambia."

"Kwani kulikuwa na kitu?"

Mwalimu hakumfokea. Alizipanga karatasi zake, akazihesabu kama kwamba hata hizo huenda zimeibwa, akampelekea mchapaji mwingine. Afadhali angemtukana.

Dada akamweleza mama yake yote. Mama akasikiliza, akatikisa kichwa. "Shukuru ni kompyuta tu. Ingekuwa mtu je?" Ndipo Dada alipotambua kwamba tangu mashine ile iwake, mama yake hajamuuliza hata mara moja ilifufukaje.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa akapiga simu, sauti imejaa bashasha.

"Dada, mtoto anachapa kwa kidole kimoja. Utakuja lini umfundishe?"

"Sina nafasi."

Hakuwa amewahi kumjibu hivyo maisha yake yote, na siku zote alidhani neno hilo lingekuwa tamu mdomoni. Halikuwa tamu. Mheshimiwa akasema, "Haya, nipe Mama," na Dada akaipeleka simu jikoni.