Dirisha la Vidole Viwili

Tangu alfajiri Bi Tokie alikuwa amefuta sakafu ileile mara tatu, na kila akimaliza aliona vumbi ambalo halikuwepo. Tangazo lilikuwa limezunguka kijiji nyumba kwa nyumba, kila familia ikigonga muhuri wake chini kuonyesha imesoma: njooni kwa Tokie mvue viatu, mkanyage sakafu isiyo na baridi, mjifunze kuziba nyumba zenu. Watu ishirini waliahidi kufika. Yeye alimtaka mmoja tu, Mzee Kurata wa nyumba ya pili, mgane wa miaka themanini na moja, mbishi asiyeshikika.

Baridi ya mwaka juzi Masanobu, mume wa Bi Tokie, alivua nguo katika chumba ambamo maji yalikuwa yakiganda ndooni, akaingia kwenye maji ya moto, na moyo wake ukasimama. Baada ya msiba Bi Tokie aliwaita majirani wa kikundi kimoja cha kuziba nyumba zisiingize baridi. Walishinda Jumamosi sita wakishindilia sufu kutani na kuweka madirisha ya vioo viwili. Chumba cha kuvulia nguo cha Mzee Kurata kilibaki vilevile, baridi kama kisima, na huyo mzee alivulia nguo humo peke yake. Bi Tokie alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake.

"Mashine yenu ya kupima ikithibitisha kwamba kwa Tokie hakuvuji, nitawapa nyumba yangu muichezee," alikuwa amesema mzee. "Isipothibitisha, nisisikie tena habari za sufu."

Basi siku ikafika. Nagisa, binti wa kupima nyumba, alifunga feni kubwa kwenye dirisha la sebule, ikaanza kunguruma ikivuta hewa kuitoa nje. Nyumba iliyozibwa vizuri, alieleza, haina pa kuingizia hewa nyingine, na namba kwenye mashine hubaki ndogo. "Tunataka chini ya mbili."

Namba ikapanda hadi sita, ikakaa hapo.

"Jumamosi sita!" Mzee Kurata aliwageukia wenzake. "Jumamosi sita watu wazima wanashona chekeche!"

Watu wakacheka. Bi Tokie alijitahidi kucheka nao.

"Kuna mahali panavuja," alisema Nagisa. "Mama, una udi?"

Udi uliokuwepo ni ule wa mbele ya picha ya Masanobu. Bi Tokie akautoa. Nagisa akawasha kijiti kimoja, akapita nacho kwenye kila pembe, kundi zima likimfuata kwa soksi. Sebuleni moshi ulipanda wima. Jikoni ulipanda wima. Walipoelekea upande wa bafu Bi Tokie alitamani ardhi ipasuke, maana alikuwa amekwisha kujua.

Kwenye chumba cha kuvulia nguo moshi ukalala. Nagisa akasogeza taulo lililotundikwa, na nyuma yake dirisha dogo lilikuwa wazi, upana wa vidole viwili.

"Mama, si nilikuomba asubuhi ufunge yote?"

"Nimefunga mengine yote. Hili mkono wangu hauliwezi." Bi Tokie aliongea akitazama sakafu. "Siku ile Masanobu aliita. Lazima aliita. Mimi nilikuwa jikoni, milango imefungwa, sikusikia kitu. Sasa mmeniziba zaidi, na nashukuru, lakini nikianguka nani atanisikia? Nimeacha kidogo ili sauti ifike kwa Mzee Kurata."

Mzee Kurata alikohoa.

"Inafika," alisema. "Kila jioni nasubiri mlio wa ndoo yako. Nikiusikia ndipo nakula."

Kisha, kama aliyeona haya kwa kusema hayo, akafoka. "Haya, lifunge! Tuweke taa. Mimi naoga saa kumi na moja, wewe saa kumi na mbili. Ukitoka, unawasha taa ya mlangoni. Isipowaka, mwenzako anavaa viatu anakuja. Binti, washa feni yako."

Bi Tokie akapiga moyo konde, akalifunga. Namba ikashuka hadi moja na nusu. Watu wakapiga makofi, wote isipokuwa Mzee Kurata.

"Nitafikiria," alisema, akavaa viatu vyake akaondoka.

Jioni hiyo saa kumi na moja Bi Tokie alisimama dirishani na upawa wa supu mkononi. Kumi na moja na robo. Kumi na moja na nusu, na mlangoni kwa Kurata giza tupu. Hakukumbuka viatu. Alikata theluji kwa ndara za ndani, akasukuma mlango wa mzee huku akipiga kelele jina lake.

Mzee Kurata alikuwa ameketi hapo hapo mlangoni, koti mwilini, saa mkononi.

"Nusu saa ilipotimia, hukumaliza hata dakika moja kufika," alisema. "Mashine imepima nyumba. Mimi nilikuwa napima jirani."

Bi Tokie alimchapa upawa begani, tena kwa nguvu, halafu akaanza kulia.

"Una wazimu! Nimeshakuona umekufa!"

"Nisamehe." Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Waambie waje Jumamosi na sufu yao. Sijaoga tangu Jumanne, dada. Nakiogopa kile chumba."

Bi Tokie akajifuta uso kwa mkono wa nguo.

"Chukua taulo," alisema. "Twende kwangu."

Supu ilikuwa imekwisha kupoa. Aliipasha moto tena, mlango wa jikoni ukiwa wazi, na kule bafuni Mzee Kurata akawa anabamiza ndoo kupita haja, makusudi, ili asikike.