Herufi Mbili

Kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali walimwita Miwani, na si kwa dharau. Kosa likimpita Miwani, walisema, basi hilo lina uchawi. Kwa miaka kumi na minane alisahihisha fomu, ratiba za mitihani, na mwaka jana katiba mpya yenyewe. Ilipotoka, alimpa mdogo wake nakala. "Soma ujue haki zako," alimwambia. "Ukikaa kimya mambo yakaharibika, utamlaumu nani?"

Mdogo wake, fundi cherehani, akasoma. Jamani, alisoma kweli! Akaenda kwenye mkutano wa mtaa kitabu mkononi, akamuuliza diwani kwa nini soko limefungwa bila wananchi kushirikishwa. Hata kukaa hakukaa. Alibebwa mzobemzobe hadi kituoni.

Siku ya pili Miwani alikwenda kumtoa, na afande wa kaunta akamfungulia ibara ya kumi na saba: "Mtu aliyekamatwa azuiliwe zaidi ya saa ishirini na nne bila kufikishwa mahakamani."

Azuiliwe! Kwenye mswada ilikuwa "asizuiliwe". Ile "si" ilidondoka, na ilidondokea mikononi mwake. Ibara ile alikuwa ameshaikariri. Siku ya kusahihisha, mdomo ulisoma "asizuiliwe" na jicho likaufuata mdomo. Akatia sahihi, akaenda kunywa chai.

Alikimbia kwa bosi na mswada kwapani.

"Kosa ni langu," alisema. "Nifukuze kazi, lakini andika barua kwamba ni kosa la uchapaji."

Bosi aliutazama mswada kama mtu aliyeletewa nyoka. "Iliyotangazwa ni hiyo iliyochapwa. Kuibadilisha ni kazi ya bunge, na bunge liko likizo. Sisi ni wachapaji tu, dada yangu."

Alikwenda kwa wakili, akaambiwa asubiri. Alikwenda kwa mbunge, akakuta mlinzi. Huyo diwani ndiyo kabisa, hapokei simu. Miwani alichoka, akachoka tena, na mchana wa siku ya tisa akajikuta pale pale kwenye kaunta, mikono mitupu.

Afande hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimvutia kiti.

"Mama, hata mimi naona imekaa vibaya. Lakini nikimwachia, si nitakuwa nimevunja katiba?"

Sauti ya mdogo wake ikatoka nyuma ya mlango wa mahabusu, imekauka lakini ina furaha. "Dada, ni wewe? Hao hawajui kusoma! Kitabu si umekisahihisha mwenyewe? Hebu wasomee!"

Miwani hakuwa amemwambia habari ya ile "si". Siku zote tisa alikosa pa kuanzia.

Afande akamsogezea kitabu. Miwani akasoma, "Mtu aliyekamatwa asizuiliwe..." Mdomo ulitangulia tena, vile vile kama siku ile.

"Unaona?" fundi alicheka huko ndani. "Unaona, afande?"

Afande aliweka kidole kwenye mstari. "Soma kilichoandikwa, mama," alisema kwa upole.

Miwani akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa. Akasoma neno kwa neno, kwa sauti, hadi mwisho wa ibara.

Nyuma ya mlango kicheko kilikatika.

"Dada," alisema mdogo wake. "Hebu rudia. Sijakusikia vizuri."