Mama Ntilie wa Mtandaoni

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi, banda la chakula la Rosalia pale Mtoni liliacha kuonekana kwa macho. Maharage yalikuwa yanachemka. Fundi baiskeli wa jirani aligeuka kuagiza chai, akaona kiwanja kitupu. Alipoinua simu na kufungua kamera, banda lilikuwepo, moshi unatoka, Rosalia anasukuma chapati. Akapiga picha, akaenda kunywa chai kwingine.

Siku tatu kabla, Rosalia alikuwa amekaa safu ya mbele katika ukumbi mmoja Manzese, akimsikiliza mdogo wake. Alfonsi alikuwa mkuu wa masoko ya mtandaoni kwenye kampuni ya vipodozi, na kila Jumamosi alifundisha watu biashara. Alianza kwa kuandika matangazo ukutani kwa brashi. Chapati za Rosalia ndizo zilizomsomesha mpaka chuo.

"Biashara ambayo haipo kwenye simu, haipo," aliwaambia. "Hamieni mtandaoni, kwa moyo wote."

Rosalia alihamia kwa moyo wote. Hakuwahi kumsikia mdogo wake akisema uongo.

Wiki ya kwanza alipata wafuasi elfu nne. Watu wa Mwanza na Muscat walizisifia chapati zake. Hakuna aliyeweza kuzila. Mwenye kiwanja alikuja, akaona hakuna kitu, akampangisha muuza matofali. Ijumaa ya wiki ya pili, Rosalia mwenyewe naye akatoweka kama banda lake. Akampigia Alfonsi.

"Mdogo wangu, mie sionekani tena, hata nyumbani. Noela akitaka kumwona mama yake ananitafuta kwa simu. Bando likiisha, analia."

"Umefikisha wafuasi wangapi, dada?"

"Elfu tisa."

"Basi vumilia. Wenzako wanatamani kufika hapo."

Kesho yake Alfonsi aliionyesha picha ya dada yake ukumbini, na watu wakasimama kupiga makofi. Mwezi ulipokwisha, saluni tatu na cherehani ya Zubeda, fundi nguo wa jirani, hazikuonekana tena Barabara ya Kilwa. Watu walizoea kutembea wameinua simu.

Mchana mmoja Alfonsi alikwenda Mtoni. Alisimama mbele ya matofali, akaelekeza kamera. Rosalia alikuwa amekonda.

"Umekula?" dada akamuuliza.

"Bado."

Akampakulia wali maharage, akamsogezea. Sahani ikagota kwenye kioo cha simu kwa ndani.

"Dada, nikiwaambia watu kwamba nilikosea, utarudi?"

"Sijui. Jaribu."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Wengine walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Mbagala. Alfonsi hakuonyesha picha yoyote.

"Nilikosea," alisema. "Dada yangu amepotea kwa sababu yangu. Msinifuate. Rudini mkauze mlipokuwa mnauza."

Machozi yalimtoka. Watu waliinamia madaftari, wakaandika: kubali makosa mbele ya wateja. Kisha wakamshangilia kuliko siku zote. Mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la vitumbua miguuni alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Mie nataka kulia kama hivyo kwenye video yangu. Naanzaje?"

Alfonsi alimweleza tena asianze. Naye akaandika.

Jumatatu asubuhi, upande mzima wa vibanda vya Manzese haukuonekana. Sauti za wauzaji zilisikika kidogo, kisha zikaisha. Alfonsi alipita hapo akielekea kazini, taratibu, mkono mmoja mbele, asije akamkanyaga mtu.